Mwalimu na Waasisi Wake

Wasifu wa Mwalimu Ishengoma ulisomwa mpaka jua likahama upande wa turubai, na sisi wazee tuliopewa viti vya mbele kwa heshima tukaanza kuungua. Msomaji alikuwa mwanawe, Deo, mtu mzima anayefanya kazi Mwanza, mwenye suti nzuri na sauti ya mtangazaji wa mpira. Mwasisi wa shule ya sekondari ya kata. Mwasisi wa kwaya ya parokia. Mwasisi wa mradi wa maji. Kila neno hilo lilipotamkwa watu walitikisa kichwa kwa kuridhika, na mimi nikawa nalitazama lile jeneza chini ya mashada ya maua ya plastiki nikifikiri kwamba mwenyewe angekuwa mzima angekwisha nyanyua kidole. "Haya, na makosa yake? Mbona sijasikia makosa yake?" Ndivyo alivyotufundisha historia, na ndivyo mimi nilivyoifundisha kwa wengine maisha yangu yote ya kazi, mpaka nikastaafu nikiwa na presha, magoti mabovu, na uchovu fulani wa kusikia habari za watu wakubwa. Siku hizi nikisikia mtu anasifiwa sana, nahisi usingizi. Siku ile, pale Muleba, katikati ya migomba ya ukoo wao, nilisinzia kweli, nikaamshwa na mkono uliowekwa begani kwangu.

Alikuwa Adela. Hakuwa amekaa kwenye viti. Alikuwa ametoka nyuma ya nyumba, walikokuwa wanawake wanamenya ndizi, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu. Nilisoma naye, nililala naye chumba kimoja mwaka mzima nyumbani kwa Mwalimu kule Hamugembe, Bukoba, kisha maisha yakatutenga, yeye akawa muuguzi huko Geita na kwingineko, mimi nikabaki Bukoba na chaki zangu. Tulikumbatiana bila kusema. Halafu akanitazama vizuri, akasema, "Koku, umezeeka." Nikamwambia na yeye pia. "Mimi nilizeeka mapema, nikamaliza," akasema, na tukacheka kicheko kilichofanya mama mmoja atukate jicho, maana padre alikuwa anavaa stola. Tulizika. Udongo wa kule ni mwekundu na mzito, na makoleo yalikuwa machache. Baada ya hapo, kwa kuwa siku hizi watoto wana ndege za kuwahi na matanga yamefupishwa, wazee wakatangaza kwamba jioni hiyo hiyo mrithi angeketishwa na wosia wa marehemu ungesemwa. Adela akaniambia atangoja. Nilijua anangoja nini, kwa sababu nilikuwepo jambo hilo lilipoharibika.

Ilikuwa mwaka uliofuata vita na Uganda. Nilikuwa kidato cha tano, na mabweni ya shule yetu yalikuwa yametumiwa na askari na hayajarudi hali yake, kwa hiyo sisi tuliotoka mbali tuligawanywa kwenye nyumba za walimu. Mimi nilipangiwa kwa Mwalimu Ishengoma, aliyetufundisha historia. Adela yeye alikuwa pale tangu zamani. Alitoka kijijini kwao Mwalimu, akawa anasoma na huku anasaidia kazi za nyumba. Tulikuwa darasa moja, tulivaa sare moja, tulilala kitanda kimoja cha kamba, lakini yeye aliamka kabla yangu kuchota maji, na aliponirudia na ndoo kichwani nilikuwa nimejikunja bado. Hakuna aliyesema kitu juu ya hilo, wala yeye. Nyumba ilikuwa ya matofali ya udongo na bati, imezungukwa na migomba mpaka dirishani, na mvua ikinyesha usingeweza kusikia mtu akiita. Sukari ilikuwa jina tu. Sabuni haikuwepo, tulifulia majani ya mpapai. Mke wa Mwalimu, Ma Leokadia, alipika ebitoke, zile ndizi zetu, na maharage leo, kesho maharage na ebitoke, na siku ya bahati akapata dagaa wa Goziba kwa mvuvi mmoja aliyekuwa na mtoto shuleni kwetu. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye ulimi, ambaye hakumwogopa mtu. Alimpenda mumewe na hakumsadiki hata kidogo.

Chakula kilipotengwa ndipo Mwalimu alipoanza. Padre mmoja mzungu wa Kashozi aliporudi kwao alimwachia rafu nzima ya vitabu, na vingi vilihusu kuanzishwa kwa Marekani, basi Mwalimu akawa anawafahamu wale waasisi kama watu wa kitongoji cha pili. Majina yao ya kizungu hakuyatumia nyumbani. Alikuwa na Jenerali, alikuwa na Mwandishi, alikuwa na Mzee wa Umeme, aliyeichezea radi kwa tiara. "Jenerali," alisema huku akitia tonge mdomoni, "alikuwa mrefu, mkimya, mwenye kibanja ambacho usingekizunguka kwa siku moja. Akapigana na mfalme ili watu wawe huru. Na nyumbani kwake kulikuwa na watu mamia ambao hawakuwa huru, aliowahesabu kama tunavyohesabu mbuzi." Adela alipenda habari ya meno, akaomba arudie. "Meno yake yote yalikwisha. Akatengenezewa ya pembe, na mengine meno ya watu. Inasemekana alinunua kutoka kwa watumwa wake mwenyewe." Ma Leokadia akagonga mwiko kwenye sufuria. "Mwalimu, watoto wanakula!"

Hakukoma. Mwandishi, alituambia, ndiye aliyeandika kwamba watu wote wameumbwa sawa, na aliandika vizuri hivi kwamba ukisoma nywele zinasimama. Kisha akazaa watoto na kijakazi wake, na kijakazi huyo alikuwa ndugu ya marehemu mkewe, baba mmoja. Ma Leokadia akaacha kula. "Baba mmoja? Hao hawakuwa na wazee wa ukoo?" Mzee wa Umeme alikaa ughaibuni miaka na miaka, mkewe akafa bila kumwona, na mwanawe wa kiume akagombana naye wasipatane tena vizuri mpaka kaburini. "Wa namna hiyo hata Hamugembe wapo," Ma Leokadia akasema, akatuongezea mchuzi. Tulicheka, lakini nakumbuka vizuri kwamba Mwalimu hakuwa anawasimanga. Aliwapenda. Aliongea juu yao kwa huzuni ya mtu anayemwongelea kaka mlevi. "Msiniandikie kwenye mtihani kwamba walikuwa watakatifu," alisema, "wala msiniandikie kwamba walikuwa wanafiki, basi, mkaweka nukta. Niandikieni mtu anawezaje kuwa vyote viwili na akaenda kulala." Nilikuwa na miaka kumi na minane na sikuona ugumu wowote katika swali hilo. Nilidhani ni wazungu tu.

Kuta za nyumba ile hazikufika juu, na dari haikuwepo, kwa hiyo lililosemwa chumbani kwao tulilisikia chumbani kwetu. Huko ndiko nilikojua Adela ni nani pale. Baba yake Mwalimu, Ta Laurenti, alikuwa mtu mkubwa kule Muleba. Yeye naye alikuwa mwasisi: alifungua tawi la chama wakati wa kudai uhuru, alisimama kwenye mikutano akasema hakuna bwana wala mtwana. Lakini alikuwa na nyarubanja, ule utaratibu wa zamani ambao mwenye cheo alimiliki vibanja, yaani mashamba ya migomba na kahawa, vya wengine, nao wakaishi humo kama watu wake. Mama yake Adela, Ma Perpetua, alikuwa mmoja wa watu wake. Serikali ilipoufuta utaratibu ule, sheria ilisema wazi kwamba anayekaa kwenye kibanja na kukilima ndiye mwenyewe, na Ta Laurenti alishangilia sheria hiyo mbele ya umati. Ila jambo moja halikukoma. Zamani mtu wa nyarubanja alipotengeneza rubisi, pombe ya ndizi, ndeku ya kwanza, kile kibuyu kidogo cha kunywea, ilipelekwa kwa bwana kabla mtu mwingine hajaonja, na bwana akinywa, amekukubali kuwa mtu wake na ardhi imebaki yake yeye bwana. Ma Perpetua aliendelea kupeleka ndeku. Ta Laurenti aliendelea kunywa.

"Mwambie baba yako aikatae," Ma Leokadia alisema upande wa pili wa ukuta.

"Ni heshima tu, Leo. Mzee wa watu amezoea."

"Heshima ya nini? Projesti anasubiri mzee afe tu. Atasema, kama kibanja ni chake, ndeku anampelekea nani? Wewe unasoma vitabu, husomi ndugu yako?"

Projesti alikuwa mdogo wake Mwalimu, na kibanja cha Ma Perpetua kilikuwa karibu na barabara, chenye mibuni iliyokomaa. Kitanda chao kikalia, Mwalimu amejigeuza. Kisha akasema mrithi ni yeye, si Projesti, na siku atakapoketishwa kwenye kiti cha baba yake, kabla ya neno lingine lolote, atasema mbele ya ukoo mzima kwamba kibanja kile ni cha Ma Perpetua na ndeku imekwisha. Adela alikuwa amelala pembeni yangu macho wazi. Aliukamata mkono wangu akaubana mpaka ukauma. Sikuthubutu kuuondoa.

Ta Laurenti alikufa msimu wa senene, mvua zikiwa zimeanza. Tulikwenda sote kwa gari la parokia, Mwalimu mbele na dereva, sisi nyuma na magunia, na kila tuliposimama kusukuma gari kwenye matope Mwalimu alikuwa anajisemea maneno, midomo inacheza, nikajua anajifunza hotuba yake. Tulipovuka rweya, lile jangwa la nyasi lililo kati ya kijiji na kijiji, alishuka kunyoosha miguu, akatuita sisi wawili. "Adela, mwanangu," akasema, "kesho kutwa mama yako atakuwa na kwake." Adela akamshukuru. Alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake kabla, alikuwa msichana wa kununa kidogo, na njia yote iliyobaki alinisimulia juu ya kile kibanja, mgomba uko wapi, mbuni upi ulipandwa na bibi yake, wapi atajenga jiko la mama yake lisilovuja. Nikikumbuka safari ile nahisi kuchoka mwili mzima, kama mtu aliyebeba kitu kizito akiwa ameshajua kitamponyoka.

Siku ya kumaliza matanga watu walijaa mpaka kwenye mibuni. Mwalimu aliletwa mbele, akavuliwa koti lake la ualimu, akavikwa kanzu ya baba yake na koti jeusi la baba yake lililomfika chini ya mapaja, akapewa mkuki wa nyumba, akaketishwa. Alikuwa mtu mfupi, lakini kwenye kiti kile alionekana mkubwa. Kwa desturi, tangu hapo watu humwita kwa jina la baba yake na kumsalimia kama alivyosalimiwa baba yake, na wazee wenye mvi waliomjua tangu akitambaa wakaja mmoja mmoja, wakainama, wakamwita Ta Laurenti. Nilimwona uso ukibadilika. Akafungua mdomo aanze. Na hapo hapo, kutoka kwa wanawake, akatokea Ma Perpetua na ndeku mikononi, amefunga kanga safi, anatembea polepole rubisi isimwagike. Projesti ndiye aliyemwambia aje wakati ule, tulilijua baadaye. Yeye mwenyewe, mama wa watu, hakuona ubaya wowote. Bwana amekufa, bwana mpya ameketi, ndeku inaletwa. Akapiga magoti mbele ya Mwalimu, akainua kile kibuyu kwa mikono miwili, akasema, "Waitu, Ta Laurenti, pokea."

Rubisi ilikuwa inatoa povu mdomoni mwa ndeku. Mwalimu alimtazama, akaitazama ndeku, akamtazama Adela aliyesimama nami pembeni ya nyumba. Nasema kweli, niliona mkono wake ukikataa. Ulibaki juu ya paja. Halafu Ma Perpetua akaanza kutetemeka, alikuwa na umri, na kuinua mikono muda mrefu vile kulimchosha, na watu wakaanza kunong'ona, mbona hapokei, mama huyu amekosa nini. Mwalimu akapokea. Akanywa. Wanawake wakapiga vigelegele, Ma Perpetua akacheka kwa furaha, akarudi mahali pake. Kisha Mwalimu akatoa hotuba. Alisema juu ya marehemu baba yake, juu ya uhuru, juu ya umoja wa ukoo, maneno mazuri sana. Juu ya kibanja hakusema kitu, na hata angesema, nani angemsikia? Alikuwa ameshakunywa.

Wakati wa kurudi, kwenye rweya ile ile, alijaribu kutueleza. Kwamba hakuna atakayemfukuza Ma Perpetua maadamu yeye yu hai, Projesti hatathubutu, na kwa hiyo mambo ni kama yamekwenda sawa. Kwamba mambo mengine hufanywa taratibu. "Ningemkatalia mama yako mbele za watu wote wale? Amepiga magoti, ameshika ndeku? Ningemwaibisha, Adela." Adela alikuwa anatazama nyasi. "Ungemwinua," akasema. Tukafika Bukoba. Jioni ile Ma Leokadia alitenga chakula, akakaa, akamtazama mumewe akila, na hakumwuliza chochote.

Shuleni tulikuwa tumemfikia Mwandishi. Mwalimu alimkwepa wiki nzima, akatufundisha mipaka ya majimbo, akatufundisha kodi ya chai mara mbili, mpaka wasichana wakaanza kupeana vikumbo. Hatimaye hakuwa na pa kukimbilia, akamfundisha, haraka haraka, amegeukia ubao. Adela akanyoosha mkono. Nilimvuta sketi akae, hakukaa.

"Mwalimu, huyu alipoandika kwamba watu wote ni sawa, alijua kwamba nyumbani kwake si sawa, au hakujua?"

Mwalimu aligeuka. Alikuwa na vumbi la chaki kwenye kope. Angeweza kumwambia akae, au akajibu kama vitabu vinavyojibu, kwamba kila mtu ni wa zama zake. Nilimheshimu kwa alichojibu na mpaka leo namheshimu. "Alijua," akasema.

"Na alipata usingizi?"

"Alilala vizuri sana, Adela. Hilo ndilo linaloniogopesha mimi."

Kengele haikulia wala nini. Tulikaa tu pale, wengine hawajui kinachoendelea, wakaandika jibu hilo kwenye madaftari yao wakidhani litatoka kwenye mtihani. Mwisho wa muhula Adela aliwaomba masista wa Kashozi nafasi, wakampokea, akahama na sanduku lake la bati. Ma Leokadia alimsindikiza mpaka barabarani, akamfungia kahawa ya kutafuna kwenye jani la mgomba. Mwalimu alikuwa dirishani. Tangu hapo niliamka mimi kuchota maji, na kwenye chakula hatukusikia tena habari za Jenerali wala Mzee wa Umeme. Tulikula tu, tukasikiliza mvua.

Watu wananiuliza kwa nini niliendelea kumtembelea Mwalimu miaka yote ile, maana hadithi hii nimekwisha kuwasimulia wengi. Sijui nijibu nini. Alinilipia nauli ya kwenda chuo. Alijenga shule kweli, kwa mikono yake, nilimwona akibeba mawe. Alimlinda Ma Perpetua dhidi ya Projesti mpaka yule mama akafa kwenye kitanda chake mwenyewe, na katika maisha yake yote hakuchukua kwake hata debe moja la kahawa. Ila ndeku aliipokea, kila mama huyo alipotengeneza rubisi, mpaka mwisho. Nilipokuwa mwalimu nami nilimwuliza mara moja, tumekaa barazani, kwa nini asiende tu kwa wazee akalimaliza. Alisema atalimaliza. Alisema anatafuta namna ambayo haitamwumiza mtu. Mara ya mwisho nilipomwona, mwaka jana, hakunikumbuka vizuri, lakini alikumbuka meno ya Jenerali, akanisimulia tena.

Basi jioni ile ya msiba, turubai likiwa limeanza kufunguliwa upande mmoja, Deo akavikwa, akaketishwa. Mzee wa ukoo akasimama kusema wosia ambao Mwalimu aliutamka mbele yao akili yake ikiwa bado nzima. Nyumba ya Hamugembe kwa mabinti. Kibanja kikuu kwa Deo. Na kile kibanja cha karibu na barabara, alichokaa Ma Perpetua, kitakuwa cha Adela, binti wa mama huyo, siku Ma Leokadia atakapofariki. Kabla ya hapo mjane ale humo. Watu wakasema vema, vema, marehemu alikuwa mtu wa haki. Mimi nilifumba macho. Ndivyo hasa alivyofanya Jenerali. Aliacha wosia kwamba watumwa wake wawe huru mkewe atakapokufa, si kabla, na Mwalimu mwenyewe ndiye aliyetufundisha, kidole juu: alitaka kuwa mwema bila kugharimika, akamwachia mkewe kuishi katikati ya watu wanaongoja afe. Alilijua somo hilo kuliko mtu yeyote katika mkoa huu. Na alipofika mahali pale, na hakuwa na njia nyingine iliyo rahisi, akalifuata neno kwa neno. Nilichoka pale kwenye kiti, nikatamani kurudi nyumbani.

Ma Leokadia aliomba kusimama. Ana umri ambao hata yeye ameacha kuutaja, na mabinti wawili walimshika kwapani. Alisema kwa Kihaya, na sauti yake haijazeeka. "Mimi nimechoka kuwa sababu," akasema. "Sitaki kukohoa, halafu mtu akatega sikio. Deo, kesho asubuhi mtapanda emiramura kwenye mpaka ule, wazee washuhudie. Adela apewe kibanja sasa, mimi nikiwa hai naona." Emiramura ndiyo mimea tunayowekea mipaka, na ikishapandwa mbele ya wazee hakuna anayeing'oa. Watu wakafurahi sana. Vigelegele vikapigwa. Kisha wote wakamgeukia Adela, kwa sababu anayepewa ardhi hupiga magoti, akasema kasinge, asante, na jambo likaisha. Deo akanyoosha mkono tayari. Mwanamke mmoja akatandika jani la mgomba chini, Adela asichafue nguo.

Adela alikuja mpaka kwenye lile jani, akasimama hapo. Alikuwa bado na utomvu vidoleni.

"Ma Leokadia," akasema, "wewe nakuheshimu, na tangu zamani ulikuwa upande wetu. Lakini kwa hili siwezi kupiga magoti wala kusema kasinge. Kibanja kile kilikuwa cha mama yangu tangu sheria ilipotoka, mimi nikiwa mtoto. Sikuja kupewa kitu. Nilikuja kumzika mwalimu wangu, na nimemzika."

Mzee wa ukoo alitaka kusema neno. Ma Leokadia akamkalisha kwa mkono. "Amesema kweli," akasema. "Mwacheni asimame."

Hapo ndipo nilipolia. Tangu nipigiwe simu ya msiba nilikuwa sijalia.